Barua ya wazi: Ondoeni jaribio la Ijumaa, msikilizeni kila mtoto akisoma

Kwa Waheshimiwa Makatibu wa Elimu wa majimbo ya Kanisa Katoliki Tanzania, mapadre na masista wenye dhamana ya shule za msingi, pamoja na walimu wakuu wa shule hizo.

Yah: Jaribio la kila wiki katika Darasa la Awali, la Kwanza na la Pili

Tumsifu Yesu Kristo.

Ninawaandikia nikiwa mzazi wa mtoto anayesoma Darasa la Kwanza katika shule ya msingi ya Kanisa, na nikiwa pia mwalimu kwa taaluma, niliyewahi kufundisha madarasa ya mwanzo. Shule ya mtoto wangu sitaitaja, wala jimbo, kwa kuwa ninalolisema haliihusu shule hiyo peke yake; wazazi wenzangu walioko katika majimbo mengine wananisimulia mambo yaleyale. Ombi langu ni moja. Naomba jaribio la kila Ijumaa, lile linalotolewa kwa karatasi, likasahihishwa kwa alama na kisha watoto wakapangwa kwa nafasi, liondolewe katika madarasa haya matatu, na muda wake utumike kumsikiliza kila mtoto akisoma, na kuwaandikia wazazi ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoeleza kilichofundishwa wiki hiyo.

Naomba kwanza tuitazame wiki yenyewe jinsi inavyokwenda, maana mzazi anayelipa ada na kupokea alama mwisho wa wiki si rahisi auone mwenendo wake. Jumatatu, baada ya paredi na sala, mwalimu hurudisha karatasi za Ijumaa iliyopita, na sehemu kubwa ya asubuhi hupita katika masahihisho: mtoto aliyekosa anaandika jibu sahihi mara tano, na aliyepata yote anakaa akiwasubiri wenzake. Jumanne na Jumatano ndizo siku za somo jipya. Alhamisi ni ya marudio, na marudio hayo mara nyingi ni maswali yanayofanana sana na yatakayotoka kesho yake. Ijumaa ni jaribio la Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na Kiingereza juu yake. Na pale ambapo Ijumaa ndiyo siku ya Misa ya wanafunzi, au ya Njia ya Msalaba wakati wa Kwaresima, watoto hutoka kanisani moja kwa moja na kuwekewa karatasi mezani. Vipindi vya Darasa la Kwanza na la Pili vimepangwa kuwa vya dakika 30, na vya Awali dakika 20, kwa sababu mtoto wa umri huo hawezi kukaza akili kwenye jambo moja kwa muda mrefu. Jaribio lakini linamtaka akae saa nzima na zaidi bila kuinuka. Ukijumlisha yote hayo, mtoto wa miaka sita anafundishwa jambo jipya siku mbili kati ya tano.

Kama siku tatu zilizobaki zingekuwa zinatuonyesha kwa hakika nani anajua kusoma na nani bado, pengine ningenyamaza. Hazituonyeshi. Mwaka huu nilikaa na mtoto wa jirani yangu, ambaye naye yuko Darasa la Kwanza, akanifungulia kitabu chake cha Kiswahili na kunisomea ukurasa mzima bila kukwama: mama anapika ugali, baba analima shamba, Neema anafagia uwanja. Alisoma kwa sauti ya kupendeza, na macho yake yalikuwa kwenye picha. Nilipoifunika picha kwa kiganja na kumwonyesha neno ugali peke yake, alinyamaza. Nilipomwonyesha neno shamba, alijibu kwamba ni mama. Ukurasa wote alikuwa ameukariri kama alivyokariri Salamu Maria, na hilo si kosa lake, kwa maana mtoto mwenye kumbukumbu nzuri hutumia alichojaliwa. Lililonisikitisha ni karatasi yake ya Ijumaa, iliyokuwa na alama 92 katika Kusoma, kwa sababu maswali yalikuwa sentensi zilezile za kitabuni, kila moja ikiwa na pengo la kujaza, na yeye alikwisha kujua neno gani hukaa wapi. Mama yake alikuwa ameibandika karatasi hiyo ukutani sebuleni. Mwalimu wake, ambaye ninamfahamu kuwa mtu wa bidii, hakuwa na njia ya kugundua kwamba mtoto huyu hajaanza kusoma, kwa kuwa muhula mzima hakupata dakika tatu za kukaa naye peke yake.

Katika shule zetu zinazofundisha kwa Kiingereza, ambazo zimeongezeka sana tangu milango ya shule za msingi za binafsi ilipofunguliwa tena miaka ya 1990, jambo hili linakuwa zito zaidi. Kiswahili husomwa kama kinavyoandikwa. Mtoto akizishika irabu tano na silabi zake, ma me mi mo mu, ba be bi bo bu, anaweza kulisoma neno ambalo hajawahi kuliona, kabati au mahindi, na akishavuka mb, nd, ny, sh na ng' hakuna gazeti litakalomshinda kulitamka. Kiingereza hakiko hivyo. Mtoto aliyekwisha kushika Kiswahili hukutana na neno time akalisoma ti-me, na come akalisoma ko-me, na mwalimu mwenye uzoefu hufurahi kusikia kosa hilo, kwa sababu linaonyesha kwamba mtoto anajua herufi zina sauti na anazitafuta sauti hizo; kumrekebisha ni kazi ya siku chache. Mtoto aliyeanzishiwa lugha zote mbili kwa pamoja, huku Ijumaa ikimsubiri katika kila moja, hana nafasi ya kuzitafuta sauti. Anakariri umbo la neno zima jinsi linavyokaa kwenye karatasi, na Ijumaa inayofuata anakariri mengine. Jaribio linakwenda kwa kalenda, halimsubiri aliyekwama kwenye mb. Wiki ya mb ikipita imepita, na mtoto ataibeba pengo hiyo mpaka Darasa la Nne, mahali ambapo kila somo linadai kusoma na hakuna tena mwalimu wa kumrudisha kwenye silabi.

Nije kwenye suala la nafasi. Kila Jumamosi katika kundi la WhatsApp la wazazi hutumwa picha ya orodha ya darasa zima, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, majina kamili na alama zao. Swali linaloulizwa nyumbani siku hiyo ni moja tu, mtoto ameshika namba ngapi. Nimewasikia watoto wa miaka sita wakitambulishana kwa wageni kwa namba hizo. Naomba mnisaidie kulitafakari jambo hili kwa pamoja: Baraza la Mitihani la Tanzania, lilipotangaza Januari 2023 matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2022, liliacha utaratibu wake wa zamani wa kutangaza shule bora na watahiniwa bora. Ikiwa chombo cha taifa kimeona kwamba vijana wanaokaribia utu uzima hawahitaji kupangwa hadharani, sisi tunapata wapi ujasiri wa kuwapanga watoto wa chekechea, tena kila wiki, tena kwa jina la shule yenye msalaba getini? Kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nayo inamgusa mtoto kama inavyomgusa mtu mzima. Hata isingekuwapo, mtoto aliyeshika nafasi ya 43 ana heshima yake mbele ya Mungu na mbele ya kundi la wazazi, na heshima hiyo ndiyo sababu ya Kanisa kuwa na shule.

Najua kwamba hoja ya kwanza nitakayojibiwa ni kuwa bila kupima hatuwezi kujua. Nakubali kabisa kwamba lazima tupime. Mwaka 2015, Taasisi ya Elimu Tanzania ilipotoa mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili uliojikita katika stadi za kusoma, kuandika na kuhesabu, ni kwa sababu watoto wengi mno nchini walikuwa wakipanda madarasa bila kujua kusoma. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 umezibakiza stadi hizo kuwa msingi wa madarasa haya. Taasisi ya Uwezo, ambayo ndiyo iliyowafungua wengi macho kuhusu hali hiyo, haikuwakalisha watoto kwenye madawati na kuwagawia karatasi. Wapimaji wake walikwenda majumbani, wakamkalia mtoto mmoja mmoja, wakampa silabi asome; akiziweza, maneno; akiyaweza, aya; na mwisho hadithi fupi ya kiwango cha Darasa la Pili. Upimaji huo huchukua dakika chache, hauna nafasi ya kwanza wala ya mwisho, na ukimaliza unajua mtoto amesimama wapi na kesho uanzie wapi. Mtoto wa jirani yangu asingepita hatua ya pili, na mwalimu wake angelijua hilo mwezi Februari.

Hili linawezekana katika shule zetu bila kuongeza mwalimu hata mmoja. Tuchukue darasa lenye watoto 45. Mwalimu akisikiliza watoto tisa kila siku, kila mmoja kwa dakika tatu, anatumia dakika 27, ambazo zinaingia ndani ya kipindi kimoja cha dakika 30, na kufikia Ijumaa amewasikia wote. Wakati huo wenzao wanaandika au wanachora, au wanasomeana wawili wawili, jambo ambalo nao linawafundisha. Mwalimu anahitaji daftari moja lenye majina, na mbele ya kila jina anaandika neno moja au mawili: amekwama kwenye nd; anasoma aya lakini hakumbuki alichosoma; yuko tayari kwa hadithi. Daftari la namna hiyo, likionyeshwa kwa mthibiti ubora wa shule, linaeleza maendeleo ya mtoto vizuri kuliko rundo la karatasi zenye asilimia. Sasa tulinganishe na mzigo wa leo: darasa hilohilo likifanya majaribio manne, mwalimu anabeba nyumbani karatasi 180 kila mwisho wa wiki, azisahihishe, ajumlishe, apange nafasi na aandike orodha, na Dominika jioni ndipo aandae somo la Jumatatu. Tunashangaa kwa nini walimu wazuri wa Darasa la Kwanza wanaomba kuhamishiwa madarasa ya juu. Wali unaofunuliwa kila mara hauivi, na anayeufunua hana muda wa kuchochea moto.

Ninapoomba hili siwaombi muige jambo geni. Hazina hii ni ya nyumbani kwetu. Tarehe 6 Januari 1907 Maria Montessori, daktari Mkatoliki wa Kiitaliano, alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo mjini Roma, na njia aliyoianzisha imefika kwetu kwa mikono ya masista, ambao wamekuwa wakiwaandaa walimu wa watoto wadogo kwa miaka mingi, Lushoto pakiwemo. Aliyepita katika vyuo hivyo anazijua herufi za karatasi ya msasa: herufi imekatwa kwenye msasa na kubandikwa juu ya kibao laini, mtoto anaipitisha vidole viwili kwa mwelekeo uleule atakaoandikia, na papo hapo anaitamka sauti yake. Mkono, jicho na sikio vinajifunza kwa wakati mmoja. Mwalimu anayekaa pembeni huona mara moja kama mtoto anaanzia juu au chini, kama anachanganya b na d, na hamwambii kwamba amekosa, anachukua kibao na kukirudia pamoja naye. Niliwahi kuingia katika darasa la Awali la masista lililofundishwa hivyo, na jambo lililonigusa ni ukimya wa watoto waliokuwa wakifanya kazi bila kuamrishwa kunyamaza. Katika baadhi ya shule zetu leo vifaa hivyo vimefungiwa kabatini, kwa maelezo kwamba vinachelewesha silabasi na Ijumaa inakaribia. Sista aliyesomea kazi hii miaka miwili anageuzwa kuwa msimamizi wa mtihani wa watoto wasiojua bado kufunga kamba za viatu.

Sehemu ya pili ya ombi langu, yaani ukurasa wa wiki kwa wazazi, naiona kuwa na uzito uleule. Machi 2023 Serikali ilipozuia huduma ya bweni kwa watoto wa Awali hadi Darasa la Nne, shule zetu nyingi ziliguswa, na baadhi ya wazazi walilalamika. Mimi nililipokea agizo lile kwa shukrani, kwa kuwa liliwarudisha watoto wadogo kulala kwao. Lakini mtoto anayerudi nyumbani kila jioni anarudi kwa mzazi ambaye hajui leo amefundishwa nini. Anachokiona ni karatasi ya kazi ya nyumbani iliyotolewa kopi, kwa Kiingereza ambacho wazazi wengi hawakimudu, na kisha alama za Jumamosi. Hapo ndipo mzazi mwenye nia njema anapoanza kuvuruga. Nitoe mfano ninaouona karibu kila nyumba. Darasani mwalimu anafundisha sauti: herufi b haiitwi kwa jina, inatamkwa kwa midomo inayogusana na kuachiana, ili ikikutana na a itoke ba. Nyumbani baba anamkalisha mtoto na kumwimbisha a, be, che, de, kama alivyoimbishwa yeye. Kesho yake mtoto anaulizwa b na a zinafanya nini, anajibu bea. Mwalimu anadhani mtoto ni mzito, baba anadhani mwalimu hafundishi, na hakuna aliyemwambia mwenzake.

Ukurasa ninaouomba hauhitaji ufundi. Ungeweza kusomeka hivi: Wiki hii tumejifunza sauti za mb na nd. Mtoto asome nyumbani maneno haya: mbuzi, mbegu, embe, ndizi, ndoo, kanda. Tafadhali msimfundishe majina ya herufi kwa sasa, mtamkieni sauti. Katika Kuhesabu tumefunga vijiti kumi kumi. Mpeni maharage 34 ayapange katika mafungu ya kumi na awaonyeshe yaliyobaki. Injili tuliyosimuliana ni ya Msamaria Mwema. Mwombeni awasimulie, kisha mwulizeni ni nani alisimama njiani. Ni hayo tu. Mwalimu anauandika mara moja kwa darasa zima, na karatasi zinazookolewa kwenye majaribio zinatosha kuutolea kopi mwaka mzima. Kwa mzazi au bibi asiyeweza kusoma, mwalimu anaweza kuyasema maneno hayohayo katika ujumbe wa sauti wa WhatsApp, katika kundi lilelile linalotumika sasa kutangaza nafasi. Nasisitiza uandikwe kwa Kiswahili hata katika shule za Kiingereza, kwa kuwa unaandikwa ili mzazi aelewe, na mzazi aliyeuelewa atafanya nyumbani kwa dakika kumi kazi ambayo mwalimu hana muda wa kuifanya.

Tena jambo hili Kanisa limekwisha kulisema kwa maneno mazito kuliko yangu. Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu elimu ya Kikristo, lililotolewa 28 Oktoba 1965, linawataja wazazi kuwa ndio walezi wa kwanza na wa msingi wa watoto wao. Kanuni ya 796 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inawataka walimu washirikiane kwa karibu na wazazi na kuwasikiliza kwa moyo mkunjufu, na inaagiza vyama au mikutano ya wazazi ianzishwe na kuthaminiwa sana. Mikutano tunayo, lakini ajenda zake nimezizoea: ada, michango, usafiri, na mahafali. Sijawahi kukaa katika kikao cha wazazi ambapo mwalimu wa Darasa la Kwanza alisimama akatuonyesha jinsi silabi inavyofundishwa, ingawa nina hakika nusu saa ya somo hilo ingetufaa kuliko kikao kizima cha michango.

Kipindi cha Dini nacho kimeingia katika mkondo huu, na kwa hili ninaumia zaidi, kwa kuwa ndicho kinachotutofautisha. Watoto wanajaza mapengo: Mungu aliumba ulimwengu kwa siku ngapi, Yesu alizaliwa wapi. Anayekosa anapoteza alama za Dini, na nimeona mtoto akilia kwa sababu hiyo. Hati ya Quam singulari, iliyotolewa 8 Agosti 1910 chini ya Papa Pius wa Kumi, ilipowafungulia watoto wadogo mlango wa Komunyo ya Kwanza wakiwa na umri wa kama miaka saba, haikuwadai wawe wamekariri mafundisho yote. Iliwataka wayajue mafumbo ya lazima kwa kadiri ya uwezo wao, na waweze kuutofautisha mkate wa Ekaristi na mkate wa kawaida. Waliokusudia hivyo walimjua mtoto. Katekista anayekaa na watoto wa Utoto Mtakatifu chini ya mwembe Jumamosi, akawasimulia habari za mwana mpotevu na kuwaacha waigize, anawafundisha imani ambayo karatasi yenye mapengo haiwezi kuifikia, na sielewi kwa nini yaliyo mema parokiani yashindwe kuingia darasani.

Ipo hoja nyingine inayosemwa kwa sauti ya chini, nami napenda niijibu kwa uwazi: kwamba wazazi wenyewe ndio wanaoyataka majaribio, na shule isiyotoa alama kila wiki itakimbiwa. Ni kweli wapo wazazi wengi wa namna hiyo, na mwalimu mkuu anayewaogopa ana sababu, maana shule hizi zinaendeshwa kwa ada na mishahara ya walimu inatoka humo. Lakini wazazi hao wanadai alama kwa sababu ndiyo habari pekee wanayopewa kuhusu watoto wao. Mpeni mama yule wa jirani yangu nafasi ya kumsikia mtoto wake akisoma neno asilolijua, ndoo kwa mfano, kwa kulipasua silabi kwa silabi mpaka likatoka, na mtamwona akiisahau ile 92 ukutani. Isitoshe, Kanuni ya 806 inazitaka shule za Kikatoliki zitoe elimu isiyopungua ubora wa ile ya shule nyingine za eneo lao, na ubora huo unajengwa Darasa la Kwanza na la Pili. Shule ambayo kila mtoto wake anavuka kwenda Darasa la Tatu akisoma na kuelewa haitahitaji kuwakesha watoto wa Darasa la Saba kwa masomo ya usiku, na matokeo yake ya taifa yatawaleta wazazi getini bila tangazo. Kupima kwa karatasi kuanze Darasa la Tatu, wakati mtoto anaweza kulisoma swali mwenyewe. Kabla ya hapo, anayesomewa swali na kuonyeshwa mahali pa kuandika hajapimwa kusoma.

Yapo mambo ambayo idara ya elimu ya jimbo pekee ndiyo yenye uwezo wa kuyaamua, na ndiyo maana sikuishia kwa mwalimu mkuu. Shule moja ikiacha majaribio peke yake itaonekana imelegea mbele ya jirani yake. Jimbo likitoa waraka mmoja kwa shule zake zote, hofu hiyo inaondoka. Idara inaweza pia kuagiza orodha za nafasi zisitumwe tena katika makundi ya wazazi, na agizo hilo halina gharama wala halihitaji kusubiri mwaka mpya. Inaweza kuwaita masista na walimu waliosomea Montessori wawafundishe wenzao wakati wa likizo ya Juni, katika shule mojawapo ya jimbo, kwa vifaa vilivyoko makabatini. Inaweza kuchagua shule mbili au tatu, za mjini na za kijijini, zianze Julai muhula wa pili utakapofunguliwa, na mwisho wa Novemba kila mtoto wa shule hizo asikilizwe akisoma na mtu asiye mwalimu wake, ili mwone wenyewe kabla ya kuamua kwa ajili ya wote. Upande wetu, wapo wazazi tuliokwisha kuzungumza ambao tuko tayari kukata na kubandika herufi za msasa, kushona mifuko ya vijiti vya kuhesabia, na wale wenye nafasi asubuhi kuja darasani kukaa na wanaochora wakati mwalimu akiwasikiliza tisa wa siku hiyo, kwa utaratibu na ulinzi wa watoto ambao shule itauweka.

Naomba barua hii ijibiwe kwa maandishi, na jibu lisomwe katika mkutano wa wazazi wa kila shule ya jimbo husika kabla ya ratiba za muhula wa pili kupangwa. Ikiwa Idara itaona kuna sababu ya kuendelea na majaribio katika madarasa haya, basi wazazi waelezwe sababu hiyo ni ipi, na waelezwe ni lini katika wiki mtoto wao husikilizwa akisoma, na nani humsikiliza.

Wenu katika Kristo,

Mzazi wa mtoto wa Darasa la Kwanza